Motokaa ya Watu Wawili



Juma hili twazungumza habari za motokaa zile ndogo za Kijapani zenye viti 2 tu, zilizoinama karibu na ardhi kama paka anayevizia panya, ambazo nyingine hazina hata paa la bati ila turubai la kukunjua na kufunika. Zamani vitu vya namna hii tuliviona katika picha. Siku hizi mtu yeyote mwenye simu aweza kuketi sokoni Mbalizi, akatazama yadi za Yokohama na Nagoya, akachagua motokaa kama achaguavyo shati la mtumba, na baada ya miezi michache ikateremshwa bandarini Dar es Salaam. Bei yake kwa mtazamo wa kwanza haitishi. Nyingine huonekana rahisi kuliko Noah. Hapo ndipo vijana wetu, na wengine ambao si vijana, huanza kuota usiku.

Siandiki ili kumcheka mtu. Kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri si dhambi. Lakini katika nyumba moja ya huku kwetu jambo hili limeleta kutosikilizana kati ya mke na mume, na fedha iliyo mezani ni akiba ya miaka 6. Yafaa tulipime taratibu kabla fedha hiyo haijavuka bahari.

Mume ni mwalimu. Wana mtoto wa miaka 3, na mwingine yu njiani. Zamani mwalimu huyu alikuwa na Noah, na Noah ile, ijapokuwa kadi iliandikwa jina lake, ilikuwa mali ya mtaa mzima. Ilipeleka wagonjwa Ifisi usiku wa manane. Ilibeba masufuria ya arusi, wanakwaya, saruji ya jirani, na siku moja mbuzi 4 ambao harufu yao haikutoka mpaka siku ilipouzwa. Petroli alitia yeye. Aliyebebwa alisema asante, Mungu akubariki, akateremka. Ikafika siku springi zimelala, mlango wa pembeni haufungiki ila kwa kamba, na fundi amekwisha kuandika deni ukurasa mzima. Akaiuza kwa bei ya huzuni. Sasa amejaza akiba tena, na safari hii ataka Mazda Roadster, viti 2, basi. Sababu yake aliisema wazi mbele ya wazee: "Sitakuwa na haja ya kumwambia mtu hapana. Motokaa yenyewe itasema badala yangu."

Jibu la mkewe nitalieleza baadaye. Kwanza tumpe mwalimu haki yake, maana sifa za motokaa hizi ni za kweli, wala hazikuzaliwa mbali.

Sehemu kubwa ya sifa hiyo ilipatikana katika mavumbi yetu wenyewe ya Afrika ya Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita katika nchi 3, Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya barabara ambazo mvua ikinyesha zilikuwa mito. Mwaka 1971 walioshinda, Edgar Herrmann na Hans Schüller, walikuwa katika Datsun 240Z, motokaa ya viti 2 yenye injini ya silinda 6, ukubwa wake karibu cc 2400. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye katika Datsun ya namna ileile. Mwaka 1973 Mehta alirudi na Lofty Drews, na mwisho wa njia akakutwa amelingana alama na Harry Källström wa Uswidi, aliyeendesha Datsun ya namna nyingine. Kanuni ya kuwatenganisha waliolingana ikampa Mehta ushindi. Tangu hapo hakuna mtu wa sehemu zetu aliyeweza kusema ya kwamba motokaa ya Kijapani ya watu wawili ni mchezo wa watoto.

Ila liko neno ambalo wapenzi wa motokaa hulisahau. Datsun za mashindano zilitayarishwa kwa kazi ile, zikafungiwa bamba la chuma tumboni kulinda injini, na njiani zilingojewa na motokaa nyingine zenye mafundi, tairi na spea. Motokaa ya watu wawili ilishinda, naam, lakini mzigo wake ulibebwa na wengine. Lishike neno hilo, msomaji.

Tukiacha mashindano, motokaa inayotafutwa zaidi na watu wa mfuko wa kawaida ni hiyo Mazda. Ilionyeshwa mara ya kwanza Chicago mwezi wa Februari 1989, nayo kwao Japani iliitwa Eunos Roadster. Watengenezaji wake waliyatazama magari madogo ya wazi ya Kiingereza ya miaka ya 1960, yaliyopendwa na kila mtu yakavuja mafuta kila mahali, wakataka kutengeneza la namna ile lisiloharibika. Wakafaulu. Kufikia mwaka 2016 zilikwisha tengenezwa milioni 1, na hakuna motokaa nyingine ya michezo ya viti 2 iliyouzwa kwa wingi kama huo. Siri yake si nguvu. Injini ya kwanza ilikuwa ya cc 1600 tu. Siri ni wepesi, maana za kwanza hazikufika kilo 1000, na uzito umegawanywa vizuri mbele na nyuma. Wajapani wana msemo wa mpanda farasi na farasi kuwa kitu kimoja, nao Mazda waliushika msemo huo walipoichora.

Aliyewahi kuiendesha atakwambia. Usukani husikia kidole. Gia ya mkono huingia kwa mwendo mfupi kama kufunga komeo la dirisha. Breki hushika mara moja kwa kuwa hakuna uzito wa kuzuia. Kwa sababu imelala chini, si rahisi kupinduka konani kama vile yapinduliwavyo magari marefu. Asubuhi ya Septemba, turubai limekunjwa, mtu apita kati ya misonobari ya Sao Hill na harufu ya utomvu yaingia puani, hapo hata mimi ninayependa kukosoa nakubali kwamba basi la abiria halina kitu cha namna hiyo. Tena usukani u kulia kama sheria yetu itakavyo, kwa kuwa Wajapani nao hushika kushoto. Anayeagiza motokaa ya namna hii kutoka Marekani hana neema hiyo.

Na spea je? Hapa majibu ni mawili. Toyota MR2, iliyotengenezwa tangu 1984 hadi 2007, injini yake imewekwa nyuma ya viti. Toleo la mwisho, ambalo kwao liliitwa MR-S, lina injini ya cc 1800 ya jamaa ileile iliyomo katika Allion, Premio na Wish. Kwa hiyo kichujio cha mafuta, plagi na pampu ya maji hupatikana Mwanjelwa bila kupiga simu Dar es Salaam. (Wanaotafuta hiyo wajue kwamba injini za jamaa hiyo za miaka ya kwanza zina sifa ya kunywa oili, hivyo wasiache kutazama kijiti cha kupimia.) Suzuki Cappuccino nayo, kijimotokaa cha mwaka 1991 chenye injini ya cc 660 na uzito kama kilo 700, ni ndugu wa damu wa kirikuu zetu zinazobeba viazi. Lakini injini siyo motokaa nzima. Kioo cha taa, mlango, bampa, turubai lenyewe na vyuma vya kulikunjia, hivyo havifanani na vya IST wala Noah. Ukigongwa ubavuni Jumatatu, wenye IST watakuwa barabarani Jumatano. Wewe utangoja meli.

Sasa tuje kwenye hasara, na hapa sitakwenda mbio.

Hasara ya kwanza ni ya forodhani. Motokaa zenye bei ya kuvutia karibu zote zimepita miaka 10. Wenzetu wa Kenya wamezuiwa kabisa kuingiza motokaa iliyozidi miaka 8. Sisi twaruhusiwa, ila uzee twaulipia. Iko asilimia 25 ya ushuru wa forodha. Iko asilimia 30 kwa ajili ya uzee peke yake. Uko ushuru mwingine kwa ukubwa wa injini. Halafu juu ya jumla ya hayo yote huja asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani. Kwa kuwa kodi moja hukaa mgongoni mwa nyingine, mtu aliyetumia shilingi milioni 8 kwa motokaa, meli na bima, asishangae kudaiwa karibu milioni 8 nyingine. Wala asifikiri kuonyesha risiti yenye bei ndogo kutamsaidia, maana Mamlaka ya Mapato ina makadirio yake ya thamani ya kila motokaa. Wengi wametazama bei ya Yokohama wakauza shamba, wakafika bandarini wakakuta motokaa yao imefungwa na deni.

Ya pili ni njia. Kutoka bandarini hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800. Utapita Mikumi ambako wanyama huvuka bila kuuliza. Utapanda Kitonga nyuma ya lori linalokwenda kama mgonjwa. Utapita Mafinga, Makambako na Igawa, na kila kijiji kina matuta yake. Nafasi kati ya tumbo la Roadster na ardhi haifiki shibiri. Tuta ambalo Probox hulipita kwa kuguna, Roadster hulipita kwa kukwaruza, isipokuwa umelikata kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, huku lori likikupigia honi nyuma. Na tairi ikipasuka? Roadster za zamani zina tairi ya akiba katika buti. Nyingi za karibuni hazina. Zina chupa ya gundi na pampu ndogo. Gundi huziba tundu la msumari, haizibi tairi iliyochanwa na jiwe.

Umekwisha kufika Mbalizi salama, basi utakwenda wapi nayo? Kwenda Mbeya mjini hazizidi kilomita 15, na karibu njia yote ni makazi ya watu, ambako sheria ni kilomita 50 kwa saa. Askari wenye tochi hawaulizi motokaa yako ina nguvu ngapi za farasi. Honda S2000 ina karibu farasi 250 ndani yake, lakini faini ya shilingi 30,000 ni ileile ya mwenye gari bovu. Ukipanda kwenda Umalila kwa njia ya Ilembo wakati wa mvua za Machi, utasukumwa na watoto wa shule kabla hujaona kanisa la kwanza. Kisha, magurudumu yanayosukuma ni ya nyuma, na mkia wa motokaa ni mwepesi. Kwenye lami iliyolowa, mguu mzito hugeuza uso wa motokaa utazame ulikotoka.

Na mteremko wa Iwambi hatuna haja ya kuelezana. Kila mtu wa hapa anaujua, na anaikumbuka ile ajali ya Julai 2018, lori lilipoyagonga mabasi madogo na watu wengi wakafa. Katika mteremko ule mwendo wako mwenyewe si hatari kubwa. Hatari ni dereva wa lori aliye nyuma yako, ameketi juu kama mtu aliye darini, na motokaa yako fupi imepotea chini ya kioo chake. Anayeendesha motokaa ya namna hii asikae mbele ya lori mteremkoni hata kidogo. Ampishe, apotee dakika 5.

Turubai nalo lina habari yake. Lile la zamani lina dirisha la nyuma la plastiki, ambalo kwa jua na vumbi hugeuka rangi ya chai ya maziwa usione kitu. Baridi yetu ya Juni hupenya. Na mwizi hana haja ya kuvunja kioo, wembe wa shilingi chache unatosha. Ndiyo maana wenye busara hawaachi kitu ndani wala hawafungi mlango, wasije wakakatiwa turubai bure.

Hayo yote, msomaji, yaweza kuvumiliwa na mtu mwenye mapenzi. Matuta hukatwa kwa mshazari, turubai hushonwa. Sasa turudi kwa mwalimu na mkewe, maana shauri lao halikuwa juu ya matuta.

Mwalimu alipokwisha kusema neno lake la motokaa itakayokataa badala yake, mkewe alinyamaza kidogo. Kisha akaondoka, akaleta kigoda cha jikoni, kile kifupi cha kukalia mbele ya mafiga, akakiweka katikati ya chumba, akaketi na tumbo lake la miezi 8. Akanyosha mkono. "Haya, baba watoto, niinue. Hapo ndipo ilipo ile motokaa yako." Mwalimu akamwinua kwa shida, wazee wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema: "Umetafuta motokaa ya kukataa watu. Hukukumbuka ya kuwa na sisi ni watu."

Nimelifikiri sana neno lile. Viti ni 2. Mwalimu akishika usukani kimebaki 1. Akikalia mama, mtoto wa miaka 3 atakaa wapi? Mapajani, wasema wengi, na ndivyo tufanyavyo katika daladala. Lakini mtoto aliyepakatwa mbele, motokaa ikigonga kitu hata kwa mwendo wa baiskeli, hutoka mikononi, hakuna mama mwenye nguvu za kumzuia. Na motokaa ikiwa na ule mfuko unaofumuka kwa hewa mbele ya abiria, hatari huzidi, maana mfuko ule hutoka kwa kishindo uliokusudiwa kifua cha mtu mzima. Kitoto kichanga katika kiti chake cha kutazama nyuma hakiwekwi kabisa mbele ya mfuko huo, isipokuwa umezimwa. Katika Noah mtoto huhamishiwa nyuma, na maneno yamekwisha. Katika motokaa ya watu wawili hakuna nyuma.

Lakini malalamiko ya mwalimu nayo si ya kupuuzwa, na wazee waliomcheka walifanya haraka. Watu wa kwetu twajua kuomba motokaa kuliko tujuavyo kuitunza. Twamwita mwenye gari "baba yetu" siku ya msiba, na siku springi ikivunjika twapita upande wa pili wa barabara. Wako walioacha kununua motokaa kabisa kwa kuogopa jambo hili, wenye uwezo wao, waendao kwa miguu ili wasisumbuliwe. Mtu aliyechoka namna hiyo akisema ataka kitu kimoja duniani kisichoweza kuazimwa, mimi namwelewa.

Lakini je, motokaa ya viti 2 itamponya? Sidhani. Mlango utagongwa saa 8 ya usiku vilevile. Nani atakayemwambia mwenye mke anayeumwa uchungu kwamba motokaa hii ni ya raha tu? Mwalimu ataamka, maana namjua. Mgonjwa ataketishwa katika kile kiti kimoja. Na yule wa kumwuguza, mwenye kanga na chupa ya chai na fedha za dawa zilizofungwa pembeni ya leso, atabaki barabarani gizani akitafuta bodaboda. Mgonjwa atafika hospitalini peke yake. Kila aliyelala wodini anajua mgonjwa asiye na mtu wa kumwuguza yu katika hali gani, nani atamletea uji, nani atasikia daktari amesema nini. Na kule mbele usukani umeshikwa na mtu yuleyule aliyenunua motokaa ndogo ili asisumbuliwe, naye amesumbuliwa, na kazi haikutimia.

Namjua bwana mmoja wa Mbalizi, mwenye Hiace, aliyelimaliza jambo hili kwa daftari. Mgonjwa wa usiku hubebwa bure. Msiba, mwenye shughuli hutia petroli kwanza, tena kituoni, si ahadi. Arusi, petroli pamoja na kitu kidogo cha tairi. Kila safari huandikwa, na ufunguo hukaa kwa mkewe, ambaye hana aibu. Mwanzoni walimwita bahili. Sasa ni mwaka wa 5, Hiace ingali na milango yote, na waliomwita bahili ndio wa kwanza kuandikisha. Mwalimu alipoelezwa habari hii alisema hana moyo wa kuandika watu katika daftari. Mkewe akasema, "Ninao mimi."

Kwa nani basi motokaa ya watu wawili yafaa? Ajabu ni kwamba haimfai sana kijana anayeiota. Kijana aoa, azaa, na mwaka wa 2 anaiuza kwa hasara. Inamfaa mtu ambaye nyumbani ana motokaa nyingine ya kubeba mzigo, kama zile Datsun zilivyobebewa. Inawafaa pia mume na mke ambao watoto wao wamekwisha kuondoka, pensheni imetulia, na wanataka kwenda Iringa kumtazama mjukuu, mfuko mmoja wa nguo na mkungu wa ndizi mdogo nyuma. Viti 2, watu 2. Naona picha hiyo ikinipendeza, isipokuwa magoti. Mzee wa miaka 65 aliyeketi chini hivyo atahitaji mjukuu huyo amwinue.

Kwa aliyekwisha kuamua, nampa mambo mawili ya kutazama, kwa kuwa wauzaji hawayasemi. Magari mengi ya Japani hupita mnadani, na kila moja huwa na karatasi ya ukaguzi yenye alama. Omba karatasi hiyo uione. Alama ya R au RA maana yake iliwahi kupata ajali ikatengenezwa, na motokaa ya michezo yenye alama hiyo ni vema kuiacha. Pili, Roadster za zamani huoza bati chini ya milango karibu na gurudumu la nyuma. Maji ya mvua hushuka kutoka kwenye turubai kwa vijitundu, vijitundu vikijaa takataka maji hubaki ndani ya bati. Rangi ya juu itang'aa kama kioo huku ndani mmebaki kutu. Taka picha ya mahali hapo, iliyopigwa karibu. Muuzaji akiituma ya mbele tu, umepata jibu.

Upande wa mwalimu, jambo halijaisha. Juma lililopita alikwenda kutazama kirikuu moja inayouzwa karibu na stendi, akanieleza kwa uso wa mtu aliyevumbua kitu kwamba nayo ina viti 2, nayo ni ya Kijapani, na nyuma yaingia magunia ya viazi. Mkewe alipopata habari aliuliza tu kama kiti chake kiko juu au chini, na kama mtoto atasafiri pamoja na viazi. Amejifungua Jumanne, mtoto wa kike, wote wazima. Walimleta kutoka Ifisi kwa bajaji ya jirani, watu 4 ndani na beseni. Fedha ingali katika akiba.